Msumari wa Tatu

12 Januari

Mwanangu,

Jana jioni mtaa mzima umekusikia redioni, na baba yako ameinuka akakaa kitako mwenyewe bila kushikwa na mtu.

Sasa ndiyo nikusalimie. Usishangae habari kuitangulia adabu; imenikaa kooni tangu jana, na salamu ingenipalia. Hujambo? Unakula? Sisi huku wazima, isipokuwa hili jua limehamia nyumbani kwetu bila kualikwa na halina dalili ya kuaga. Dada yako bado yuko kwenye tanuri la mikate, anasema akitoka kazini anajiona kama hajatoka. Watoto wake pacha wameota meno na wanatafuna kila kitu, hata ile mikongojo ya hospitali ambayo babu yao hataki kuishika. Maji yanakuja bombani yakijisikia. Umeme ndio usiseme.

Baba yako unamjua. Tangu aanguke kutoka paa la mteja akavunjika paja, alikuwa amegeukia ukutani. Anakula akitazama ukuta, wageni anawajibu akitazama ukuta. Mwezi mzima mimi nimekuwa mke wa kisogo. Yule bwana wa mifupa hospitalini aliniita pembeni akaniambia: mama, mzee asipoanza kukaa na kusimama kabla ya mvua, mguu utagandia hapo hapo na kazi ya fundi ndiyo basi tena. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwimbia. Ukuta tu.

Ndipo ikaja barua yako, fupi kama mkia wa mbuzi: “Mama, nimepata kazi redioni, katika mchezo wa Alhamisi jioni. Sauti ni mimi.” Mimi si mtu wa kuelezwa mara mbili. Darasa niliishia la tano, ni kweli, lakini mwandiko wangu mwalimu aliupeleka darasa la saba wakautazame. Sauti ni wewe. Na katika mchezo ule sauti ni ya nani kama si ya Daktari? Yule daktari wa zahanati anayependwa na kila mgonjwa, mwenye sauti nzito kama mtu aliyeshiba. Niliposikia anasema “karibu, mgonjwa wangu,” mwili ulinisisimka. Nikasema, huyu nimemzaa mimi.

Tumeiweka redio dirishani. Betri tunazianika juani mchana kutwa zipate nguvu, kwa hiyo jua nalo limepata kazi moja ya maana. Watu wamejaa uani: jirani yetu mshona mapazia, yule tunayemwita Mama Pazia, kaja na kiti chake mwenyewe, kinyozi na wateja wake, mmoja kanyolewa nusu. Mama Pazia, kwa wivu tu, akasema, “Lakini huyu Daktari anatamka r vizuri. Mwanao si alikuwa anasema ‘lafiki’ na ‘langi’?” Nikamwambia, “Mjini kuna maji ya kunywa yanayolainisha ulimi.” Akainamia chai yake. Au alikuwa anacheka ndani ya kikombe, sijui.

Baba yako aligeuka taratibu. Akaketi. Miguu tulikuwa tumemletea beseni la maji, lakini ni mmoja tu unaostarehe, ule wa kwenye plasta unaona wivu. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakukutaja. Mimi najua alichokwambia siku ulipoiacha karakana yake, “Nenda na kelele zako, kelele hazijawahi kumlisha mtu.” Basi asubuhi leo ameniuliza Alhamisi ijayo ni lini. Mtu mzima, fundi, hajui Alhamisi ijayo ni lini.

Nina ombi moja. Siku moja Daktari akohoe mara mbili, kho kho, baba yako ajue unamsalimu. Ni jambo dogo kwa mtu mkubwa kama wewe.

Mama yako, mama wa Daktari

* * *

23 Januari

Mama,

Nakuamkia, na baba nampa heshima zake hata kama anazipokea kwa kisogo. Dada na pacha wake nawasalimu. Waambie mikongojo haina vitamini.

Mimi mzima. Nimepanga chumba juu ya fundi viatu, bati ndilo paa na ndilo dari. Jioni nalowesha shati, nalivaa, nakaa dirishani kama samaki aliyesahauliwa. Starehe yangu ni chumba cha kurekodia, kina kiyoyozi, ila mchezo ukianza wanakizima kwa sababu nacho kina maneno yake. Naingia wa kwanza, natoka wa mwisho. Wananisifu kwa bidii. Mimi nafuata baridi.

Kuhusu Daktari. Mama, redioni sauti ni nyingi, na si zote zinazosema maneno. Nilitaka kukueleza vizuri zaidi, kisha nikasoma tena pale ulipoandika kwamba baba ameketi, nikaona nisitingishe meza yenye kikombe kilichojaa.

Kukohoa hakuwezekani. Daktari akikohoa wasikilizaji watasema ana kifua. Lakini Alhamisi ya tarehe nane, mlango wa zahanati utakapofunguliwa, mwambie baba asikilize. Mlango, mama, si maneno. Usiniulize kwa nini.

Ananiulizia hata kidogo?

Na tafadhali, usiwatangazie watu sana.

Mwanao

* * *

9 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeshiba na umelala vizuri, ingawa kwa mambo uliyofanya jana sijui usingizi unautoa wapi.

Kwanza ya nyumbani. Joto limezidi, hata kivuli kinatafuta kivuli. Tunaweka shuka lililolowa dirishani, upepo ukipita unakuja na ubaridi kidogo, na pacha wanalilamba. Mjomba wako dereva alipita na donge la barafu amelifunga kwenye gunia. Tulilizunguka kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Baba yako akapewa kipande akakiweka juu ya plasta, eti mguu nao usikie. Unaona? Amerudi kufanya vituko.

Kuhusu kutangaza, usiwe na wasiwasi. Nimewaambia wachache tu: mtaa huu, na ule wa pili, na pale kwenye foleni ya maji.

Sasa la mwisho ndilo la kwanza. Mrudie mkeo.

Usiniambie ni mchezo. Najua ni mchezo. Lakini jana Daktari amemwacha mke mjamzito kwa ajili ya yule muuza dawa mwenye kicheko cha glasi, na mimi ndiye niliyeketi uani na watu hamsini wakinigeukia. Kinyozi, ambaye amewaacha wawili, akasema, “Mama, hukumlea hivi.” Mama Pazia akakunja mikono: “Mtoto wa nyoka ni nyoka. Namuuliza mzee kama hiyo tabia ni ya upande wake.” Nikamjibu mimi: “Mwanangu ana sababu zake. Yule mke hajui kupika, mlimsikia wiki iliyopita akiunguza sufuria.” Nimekutetea, mwanangu, huku moyoni natafuta fimbo. Leo asubuhi kwenye foleni ya maji nimewekwa nyuma. Mimi, mama wa Daktari, nyuma ya wenye madumu matano matano. Mwambie huyo mwandishi wenu arekebishe.

Na ule mlango wako. Nilimwambia baba yako asikilize mlango, nikaona aibu hata kusema, mwanamume mzima asikilize mlango. Daktari alikuwa anasema maneno ya kutoa machozi, “Siwezi tena kuishi katika uongo,” halafu mlango ukalia kwiii, ukapumzika, kwii. Wote tunalia. Baba yako akainua kidole. “Bawaba yangu,” akasema. Nikamuuliza, “Bawaba gani?” Akasema, “Nipe mikongojo hiyo.” Nikadhani joto limempanda kichwani. Lakini akasimama, mwanangu. Akaburuta mguu mpaka jikoni, akautazama ule mlango unaoning’inia kwa bawaba moja tangu ulipoondoka, ule ambao miezi yote alikuwa ananilaumu mimi kwamba naubamiza. Akautazama, akatikisa kichwa, akarudi. Mdomoni alikuwa na kitu kama tabasamu, akakimeza.

Umeuliza kama anakuulizia. Hakuulizii. Ila leo amedai mikongojo ni ya mtu mfupi na amemtuma dada yako karakana akamletee randa na vipande vya mbao airekebishe. Chumba kimejaa maranda. Sijalalamika.

Mrudie mkeo. Hata kwa siri.

Mama

* * *

20 Februari

Mama,

Nakuamkia wewe, namwamkia baba aliyesimama. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, fundi viatu ameniuliza kama nimepata mchumba.

Siwezi kumrudia mke kwa sababu sina mke, na siwezi kumrekebisha Daktari kwa sababu mimi si Daktari. Nimeandika hivyo bila kupumua, sasa napumua.

Mimi ni mlango, mama. Ni mlango, ni nyayo, ni mvua, ni punda, ni ile sufuria iliyoungua. Nina meza ndefu imejaa takataka, na kila kitu kinacholia katika mchezo ule bila kusema neno, ni mikono yangu. Mvua ni maharage kwenye ungo. Punda ni vifuu viwili juu ya sinia la mchanga. Nilipoandika “sauti ni mimi” ndicho nilichomaanisha. Neno lenyewe ni kelele, lakini sikuweza kuandika kelele katika barua itakayosomwa mbele ya baba. Nikachagua sauti. Wewe ukaichukua sauti ukaivisha koti jeupe.

Daktari mwenyewe ni bwana mfupi, ana kitambi na wajukuu wanne. Akirekodi huvua viatu. Ni mpole sana, na hajawahi kumwacha mtu yeyote.

Bawaba niliichukua asubuhi niliyoondoka. Nilitaka kuwa na kitu cha nyumbani kinacholia.

Sasa sikiliza vizuri, uwahi kuwaandaa watu. Alhamisi ya tarehe ishirini na tisa, Daktari anakufa. Mwandishi amepata barua nyingi za akina mama wenye hasira. Tafadhali watu wasije wakadhani ni mimi. Na baba mwambie wewe, kwa namna unayojua, kwamba mimi ni kelele tu. Akirudi ukutani, niandikie hata hilo.

Mwanao

* * *

1 Machi

Mwanangu uliye hai,

Barua yako imefika leo asubuhi, wakati wewe umekufa jana jioni. Nakusalimu hivyo hivyo. Posta yenu ingebeba maiti, arobaini ingepita kwanza.

Nikusimulie mazishi yako.

Jana uani palikuwa hapana pa kuweka mguu. Hakuna aliyejua kitu. Daktari akashikwa na kifua (mimi nikamwambia baba yako, “Sikiliza, anakohoa, ni salamu zako”), kumbe ndiyo anakwenda. Akamwomba mkewe msamaha, r zote zimenyooka, akakata roho. Mama Pazia ndiye aliyeanza. Yule aliyekuita nyoka alilia mpaka akajifuta kwa kitambaa cha mteja. Kinyozi akavua kofia. Wakanijia mmoja mmoja, “Pole, mama. Jipe moyo, mama.” Nami, Mungu anisamehe, nikapokea. Najua ni mchezo, wao wanajua ni mchezo, lakini pole ikishatolewa utairudishaje? Nikajiinamia kidogo, nikapangusa jicho. Nilikuwa nimependeza katika msiba ule.

Redioni wakaanza kugongelea jeneza. Ko, ko, ko, msumari wa kwanza. Ko, ko, ko, wa pili. Wa tatu ukaenda ko, ko, halafu tik, halafu kimya kidogo, halafu kro kro, kama mtu anaunyoosha, kisha ukaingia. Basi kutoka dirishani nikasikia mtu anacheka. Katika kilio kile mtu anacheka. Nikageuka kumkaripia, ni baba yako. Anacheka mpaka anashika plasta kwa mikono miwili.

“Mzee, mwanao amekufa unacheka?” Mama Pazia akamuuliza.

“Amekufa nani?” baba yako akasema. “Mwanangu ndiye anayegonga. Nimemfundisha miaka sita, hajawahi kupiga msumari wa tatu usipinde. Wa kwanza vizuri, wa pili vizuri, wa tatu anajisifu, unapinda. Kama mama yake.”

Watu wakanitazama. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke, lakini kwa ukavu huu ilikuwa imeshapasuka na hakuna ufa ulionitosha.

“Kwa hiyo,” Mama Pazia akasema pole pole, akiyaonja maneno kama asali, “Daktari si mwanao.”

“Si mwanangu,” nikasema.

“Na mwanao ni nani basi?”

Nikamtazama baba yako. Akasema, “Yeye ndiye mlango. Tangu Alhamisi ya kwanza. Ndiye yule punda pia.”

“Punda,” akasema Mama Pazia.

Basi nikasimama. Nikasema, “Ndiyo, punda. Na siku punda yule alipopotea nani alilia hapa, nani aliyekosa hata kumaliza chai yake? Daktari kazi yake ni moja, kusema. Kusema hata mimi nasema. Mwanangu ni mlango, ni mvua, ni punda, ni jeneza. Mwondoe mwanangu pale, huyo Daktari wenu ataingilia wapi? Dirishani? Mvua mliyoisikia mwezi wa kwanza, mkafunga madirisha wote na hakuna wingu, ilikuwa ya nani? Tunaililia mvua msimu mzima, mwanangu anainyesha kwa mikono.” Kinyozi akapiga makofi. Mama Pazia akasema, “Huyu mama hata akianguka anaangukia juu.” Lakini akanisogezea kiti chake, kile chake mwenyewe cha mto. Leo kwenye foleni ya maji nimewekwa mbele.

Watu walipoondoka nilimkabili baba yako. Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema, “Kitasa kilipofungwa mara ya kwanza. Anakizungusha mara mbili tangu utotoni, haamini kimefunga.” Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nijianike uani wiki zote hizi, nikimtetea mwanamume aliyemwacha mkewe, nikigombana na kinyozi. Akaweka mguu wake mzima kwenye beseni, hana haraka.

“Mama watoto,” akasema, “redio huwa nusu saa, inakwisha. Wewe ulikuwa unaendelea mpaka napata usingizi. Unadhani nilikaa kitako kumsikiliza Daktari?”

Niliondoka nikaenda kulowesha shuka la dirishani, nisimwonyeshe uso. Alikuwa ananicheka na mimi machozi yalikuwa yameshanifika mpaka kwenye pua. Nimesema ni joto.

Barua yako nimemsomea leo yote, na lile neno kelele sikuliruka. Hakurudi ukutani. Ameikunja akaitia mfukoni mwa shati, kisha akasema nikuandikie hivi, bila kuongeza changu: “Mwambie kelele zake nimezisikia. Zimetulia. Msumari wa tatu asiurekebishe, nitampoteza. Na bawaba ni yangu, airudishe kwa mkono wake.” Nimeandika kama alivyosema. Nilichoongeza ni kwamba wakati anasema hivyo alikuwa amesimama.

Mlango wa jikoni hataki niuguse wala niutie mafuta. Ameuegemeza vizuri, ametafuta bisibisi, ameiweka juu ya kizingiti. Plasta inakatwa wiki ijayo, nawe tunakungoja nyumbani Jumamosi ya wiki inayofuata. Dada yako ameshaomba ruhusa na ataleta mikate. Mjomba wako analeta barafu, safari hii magunia mawili. Kinyozi ananyoa bure siku hiyo, nusu na nusu nyingine. Vifuu na ungo lete vya kwako, vyangu usivizoee. Maharage tutakuachia, lakini ukishanyesha tunayapika. Huyo bwana mfupi mje naye na kitambi chake, Mama Pazia ana maneno matatu ya kumwambia kuhusu mkewe wa redioni, ameshamwekea kiti.

Wote nimeshawaambia, wachache tu, mitaa mitatu. Jumamosi, tarehe kumi na sita Machi.